Pumzi Yangu, Saa Kumi na Moja

Gari halitosheki na ufunguo siku hizi.
Linataka kuninusa kwanza.
Saa kumi na moja alfajiri, Kiamunyi, baridi ya Menengai
imelalia kioo kama blanketi lililoloa,
nami nina kidude cheusi mdomoni
kama mtoto aliyechelewa kuachishwa kunyonya.
Puliza. Shikilia. Kidogo zaidi.
Kisha sekunde tano za kungoja hukumu.
Taa ya kijani: haya, mwana wa Omwenga, peleka mikate.

"Miezi kumi na miwili," alisema hakimu
bila kuinua macho kwenye karatasi,
"hutawasha chombo chochote kisichokupima.
Kila baada ya siku thelathini utakileta kisomwe.
Ukikifungua, ukikidanganya, ukikosa kukileta,
tunaanza kuhesabu upya."
Niliitikia ndiyo, mheshimiwa,
kama mtu anayeitikia bei ya nyanya.
Sikujua nimekubali ndoa.

Fundi Kiplimo alinifunza kama anayefunza sala:
Usile kabla ya kupuliza. Sukutua kwa maji.
Kikikataa usikigombeze, ngoja robo saa.
Njiani kitakuita tena;
toka barabarani kwanza, ndipo ukijibu.
Nikacheka. Dereva wa mikate, asile?
Siku ya tatu nikamega kona ya mkate moto,
taa nyekundu.
Ni hamira tu, haki ya Mungu, hamira!
Nikakaa robo saa na kiapo changu,
mikate mia tatu ikipumua nyuma yangu,
wala hapakuwa na wa kuapiwa.
Zamani nilikuwa mlevi na kila mtu aliniamini.

Habari ya Sigei siisemi yote.
Baiskeli, mitungi miwili, barabara ya Njoro,
kumi na mbili kasorobo.
Nakumbuka maziwa.
Yalivyotembea taratibu juu ya lami,
yakifuata mteremko, yakapita chini ya gurudumu,
yakanifikia viatuni.
Nilidhani kumekucha.
Aliishi. Mguu wa kushoto haukurudi wote.

Na hili sikumwambia hakimu, wala Kiplimo:
mwezi wa pili, baada ya matanga ya binamu huko Keroka,
shemeji alinileta nyumbani usiku, busaa ikiniimbia kifuani.
Alfajiri nikamwamsha Nyanchama. Ana miaka tisa.
Nikambeba na shuka lake hadi garini.
"Puliza, mama. Kama baluni."
Akakishika kidude, akakitazama, akanitazama.
"Baba, nikipuliza mimi,
ni nani ataendesha?"

Nikamrudisha kitandani.
Nikampigia bosi: gari halitawaka leo.
"Limeharibika?"
"Gari ni zima."
Akanyamaza muda mrefu, kisha akakata simu,
na mwisho wa mwezi akakata mshahara.
Siku hiyo Njoro walinywa chai kwa viazi.

Leo ni siku ya mia mbili na kumi na moja.
Nimezihesabu kwa penseli juu ya dari la gari,
na ile ya matanga nimeiacha wazi, haina alama.
Kidude kiliniita karibu na posta ya Njoro.
Nikatoka barabarani, nikazima redio, nikapuliza.
Nilipoinua kichwa, alikuwa dirishani na fimbo yake,
akitazama shavu langu likijaa na kunywea.
Hatujawahi kuzungumza nje ya mahakama.
"Imesema nini?"
"Imesema niende."
"Basi nenda polepole."

Nilimpa mkate.
Akauweka kwapani, akatia mkono mfukoni,
akatafuta sana,
akaulipia.